Kwa Nini Minza Hagongwi

Swali lililoninyima usingizi msimu ule lilikuwa fupi tu: kwa nini Minza hagongwi?

Kila mtu wa presi, ile mashine inayoshindilia pamba na kuifunga marobota, alikuwa na alama usoni. Masanja, kiongozi wa kundi, alikuwa na mshono juu ya jicho la kulia. Kulwa alikuwa na nundu pale pale, jicho la kulia. Kijana wa Maswa aliyeletwa kumpumzisha Kulwa hakumaliza hata wiki, akaja chumbani kwangu ameshika paji la uso. Minza, mwanamke pekee katika kundi lile, alifungua mlango ule ule wa chuma kama wao, na uso wake haukuwa hata na mkwaruzo. Nilijigeuza kitandani nikitafuta maelezo. Kila nililopata lilikuwa baya kuliko lililotangulia.

Nawaandikia ninyi mnaomaliza vyuo sasa na kupangiwa viwandani kama mimi. Sina mvi. Nilisimamia usalama na huduma ya kwanza kwa misimu michache katika jineri moja nje kidogo ya Bariadi, yaani kiwanda cha kuchambua pamba, kisha nikaacha. Wenzangu waliobaki wananiita mstaafu. Mwanzoni niliudhika, halafu nikaona faida yake: mstaafu anaruhusiwa kushauri bila kuulizwa.

Ushauri wa kwanza, basi. Siku unaripoti kazini, inama. Mimi nilifika nimevaa kofia ngumu mpya na fulana ya kung'aa, nikapita mlango wa chumba cha huduma ya kwanza, na kile chuma cha juu ya mlango kikanipiga kwa nguvu hadi kofia ikaangukia uwanjani. Wapakuzi walikuwa wakishusha pamba. Mmoja akapaza sauti, "Dokta wetu amefika, na mgonjwa wake wa kwanza kaja naye!"

Mimi si daktari, nilisomea afya na usalama kazini. Lakini kule ukishika bandeji wewe ni dokta, na ukibisha unaonekana unaringa.

Jioni ile nilinunua kipande cha godoro la sponji, nikakigundisha kwenye kile chuma na kukipaka rangi ya njano. Nilijiona nimefanya kitu. Kisha nikakaa nikiwaza: je, watu wakizoea sponji, si wataacha kuinama hata kwenye milango isiyo na sponji? Ndivyo nilivyo. Naweza kulitilia shaka hata godoro.

Majeraha ya kugongwa yanadanganya sana. Kidonda cha kukatwa kinajieleza, kinatoa damu na mwenyewe anaogopa. Aliyegongwa kichwa anacheka. Kuna mzee wa toroli aliyepigwa na mpini wake mwenyewe gurudumu liliponasa kwenye shimo. Alikuja akitembea vizuri, akaniamkia, "Mwangaluka," akaketi.

"Lori la Sapiwi limeshafika?" akaniuliza.

"Limefika, baba. Wewe ndiye umelipakua."

"Haya."

Nikamkandamizia kitambaa cha maji baridi. Akakaa kidogo, akauliza, "Hivi lori la Sapiwi limeshafika?"

Wenzake waliomsindikiza wakacheka mpaka wakashikana. Mimi sikucheka. Mtu anayeuliza swali lile lile huku jibu lake liko mbele yake, au anayetapika, au mwenye mboni moja kubwa kuliko nyingine, usimpe dawa ya maumivu ukamrudisha kazini. Mpeleke hospitali, hata kama anakuapia kwamba yuko sawa. Na ile nundu usiisugue, wala usikubali waipake samli. Kitambaa cha maji baridi kinatosha. Yule mzee alilazwa na akapona. Aliporudi alinilaumu kwamba nilimkosesha mnuso wa harusi ya mpwa wake.

Sasa niwaambie kuhusu neno lililonisumbua kuliko yote. Ukimuuliza mtu wa kule, "Umefanyaje?" atakujibu, "Nimejigonga." Robota limemwangukia mguuni: nimejigonga. Tofali limetoka juu likamkuta begani: nimejigonga. Kwa muda mrefu niliandika hivyo hivyo, amejigonga, amejigonga, mpaka kiwanda chetu kikaonekana kimeajiri watu wanaotembea wamefumba macho.

Niliwaza kwamba wananificha kitu. Nilimshuku Masanja kwamba anawapiga. Alikuwa na mikono mipana na sauti ya kuchungia ng'ombe, na watu wake walinyamaza akipita. Nikamshuku meneja kwamba amewatisha. Nikashuku wanapigana wenyewe wakati wa kula. Mwishowe nikamuuliza Kulwa, tukiwa wawili tu, nikimwita ngosha kama wanaume wa kule wanavyoitana.

"Ngosha, niambie ukweli. Nani kakupiga?"

Akaniangalia kama nimemtukana. "Nani tena, dokta? Nimejigonga."

"Kwa nini usiseme umegongwa?"

"Nikisema nimegongwa, nyumbani wataniuliza na nani. Nikisema na mlango, wataniuliza nani kautuma." Akashusha sauti. "Maneno hayo ukiyaanza huwezi kuyamaliza. Bora nijigonge."

Nilielewa, na nikatamani nisingeelewa. Neno lile lilikuwa heshima yao. Lilimwondolea jirani lawama. Lakini lilikuwa limekiondolea lawama hata chuma.

Lakini mtu akijigonga mara nyingi mahali pamoja, neno linaanza kuchoka. Masanja aliposhonwa mara ya pili, ndugu zake walimchukua wakaenda naye kwa mganga upande wa mashambani. Sijui alichoambiwa huko. Ninachojua ni alichokisema aliporudi, kwa sababu alikisema kwa sauti, mbele ya presi, Minza akiwa anasikia.

"Nimeambiwa ni mkono wa kushoto. Hapa kazini."

Hakuna aliyemtazama Minza, na hivyo ndivyo nilivyojua kwamba wote wanamwaza yeye. Minza alikuwa mtu wa mkono wa kushoto. Alifunga nyaya za robota kwa kushoto, alishika kulabu kwa kushoto, na mlango wa presi aliufungua kwa kushoto. Alipokuwa shule walimchapa ili abadilike. Akabadilika kwenye kuandika tu. Kwenye kula na kusalimia alijikaza kutumia kulia mbele za watu. Kazini, kwenye chuma kizito, mkono wenye nguvu hujitokeza wenyewe.

Tena alikuwa ameanza kazi msimu ule ule ambao majeraha yalianza.

Nataka mnielewe vizuri hapa. Nina shahada. Nilikaa darasani nikifundishwa kwamba mambo mawili kutokea pamoja si ushahidi kwamba moja limeleta lingine. Na bado, asubuhi iliyofuata Minza aliponiamkia, akikunja goti kidogo kama wanavyofanya kinamama wa huko, "Mwangaluka, baba," nilijikuta najiuliza kwa nini ananiamkia kwa adabu namna hii. Anataka nini? Niliuangalia mkono wake wa kushoto. Aliuona mtazamo wangu, akauficha nyuma ya khanga. Kisha nikaanza kumshuku kwa sababu ameuficha. Shaka ina tabia hiyo, inakula chochote unachoipa.

Wanaume wa presi waligoma kimya kimya. Minza akiufikia mlango, wao wanasogea pembeni na kusimama mpaka aondoke. Marobota yakapungua, malori ya pamba yakapanga foleni hadi barabarani. Masanja akamfuata meneja: huyu mama atoke, au sisi tutoke.

Meneja akaniita ofisini. Alikuwa mtu wa kutabasamu, na tabasamu lake lilinitia wasiwasi kuliko hasira ya wengine.

"Mdogo wangu, mambo haya ya kienyeji mimi siyawezi," alisema. "Wewe ndiye mtaalamu. Niandikie kwamba macho yake hayaoni vizuri, kwa usalama wake ahamishiwe kufagia. Msimu ukiisha hatumwiti tena. Hakuna aliyegombana na mtu."

"Lakini yeye ndiye pekee ambaye hajaumia, bosi."

"Ndiyo maana," alisema, na tabasamu likabaki pale pale.

Nilitoka nimeshika kalamu yake. Minza alikuwa amesimama nje, karibu na ndoo za maji. Alikuwa ameshasikia, kiwanda kizima kilikuwa kimeshasikia.

"Utaandika?" akaniuliza.

"Bado nafikiri, mayu," nikajibu, nikimwita mama kwa lugha ya kwao.

"Fikiri haraka. Kufagia siyo shida yangu, nimefagia tangu utoto." Alizungumza kwa utulivu kama anaulizia bei ya chumvi. "Mimi naishi Sapiwi na mama yangu na watoto. Nikihamishwa leo, kesho kule wataambiwa kiwandani wamenitoa kwa sababu gani. Karatasi yako itasema macho. Midomo yao itasema lingine. Jina hilo likinifika nyumbani, baba, siwezi kulivua."

Hakulia. Alirudi kazini, na wanaume wakasogea pembeni.

Nikampigia simu Sista Ng'washi, muuguzi aliyekuwa na chumba kile kabla yangu, ambaye sasa amejipumzikia Nyashimo. Simu ilijaa kelele za magari ya barabara ya Musoma. Nilimwaga yote: Masanja, mganga, mkono wa kushoto, meneja, na hata nilivyomshuku Minza. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Umemaliza?"

"Ndiyo, Sista."

"Unahangaika na nani, na nani, na nani. Polisi wewe? Waulize walisimama wapi."

"Walisimama kwenye presi."

"Presi ni kubwa kama nyumba, mwanangu! Miguu yao ilikuwa wapi?"

Na simu ikakatika, sijui ni mtandao au ni yeye.

Wakati wa chakula cha mchana, presi ikiwa imezimwa, nikachukua chaki. Nikamwita Masanja.

"Simama kama unavyosimama ukifungua mlango."

"Kwa ajili gani?"

"Kwa ajili ya jicho lako."

Akasimama kwa kununa. Nikazungushia buti zake chaki. Nikamwita Kulwa, akasimama karibu juu ya alama za Masanja. Yule kijana wa Maswa pia. Watu wakaanza kukusanyika na sahani zao za ugali mkononi. "Dokta anapima viatu," mmoja akasema. "Labda tunaletewa vipya!"

Kisha nikamwita Minza. Akaja taratibu, akaunyanyua mkono wa kulia.

"Hapana, mayu. Kama unavyofanya kweli."

Akatazama chini. Akashika mpini wa komeo kwa kushoto, na miguu yake ikasimama upande mwingine kabisa, nje ya njia ya mlango.

Naomba muione picha hii, maana ndiyo kazi yenyewe. Mlango wa presi ulikuwa na bawaba upande wa kushoto na komeo upande wa kulia. Pamba iliyoshindiliwa ndani inasukuma nje kwa nguvu za ajabu. Ukivuta komeo, mlango unaruka. Anayetumia mkono wa kulia, ili aufikie mpini, mwili wake wote unakuwa mbele ya mlango. Anayetumia wa kushoto anasimama pembeni, na mlango unampita. Niliuvuta ule mlango polepole, bila pamba ndani. Ncha ya mpini ilipita juu ya alama za chaki, ikafika usawa wa uso wa Masanja, juu ya jicho la kulia.

Masanja alirudi nyuma hatua moja ingawa mlango ulikuwa umetulia mkononi mwangu.

"Miaka yote tumefungua hivi hivi," alisema. "Mbona zamani haukutupiga?"

Lilikuwa swali zuri, na nilikasirika kwamba sikulifikiria mimi. Nikamwangalia fundi wa karakana, aliyekuwa akitafuna muhogo pembeni.

"Mlango huu ulitengenezwa?"

"Kabla ya msimu. Bawaba zilikuwa zimechoka."

"Kuna kitu hukurudisha?"

Akafikiri. "Mnyororo tu. Kulikuwa na mnyororo hapa juu, unaushika mlango usifunguke wote kwa mara moja. Unaachia kidogo, pamba inapumua, ndipo unaufungua."

"Uko wapi?"

"Si uko getini? Meneja alisema geti la malori halina mnyororo."

Mtu mmoja akaweka sahani yake chini. Nilitegemea wangemgeukia Minza wakamwomba radhi, lakini watu hawaachi jambo upesi hivyo. Kulwa akamnong'oneza jirani yake, nami nikasikia: "Lakini kwa nini mnyororo uondolewe msimu anaokuja yeye?" Nilitamani kumpigia kelele, ila mawazo yangu mwenyewe yalikuwa yamepita njia hiyo hiyo siku chache nyuma, nikiwa na shahada yangu.

Nikaenda kwa meneja nikamweleza. Nilieleza vibaya, kwa haraka, nikirudia bawaba na komeo mpaka nikajichanganya. Akanisikiliza akitabasamu.

"Vizuri sana. Mwisho wa msimu tutaurudisha. Sasa hivi foleni unaiona. Waambie wawe makini, wasijigonge. Na ile karatasi ya macho bado naisubiri."

Nilisimama kwenye veranda ya ofisi yake nikifanya ninachokifanya siku zote. Nikiandika, Minza anaondoka, wanaume wanatulia, halafu mlango unampiga mtu mwingine, nao watatafuta mwingine wa kumtoa. Nisipoandika, ataandika mtu mwingine. Nikiwaita wakaguzi, watafika lini? Nikifukuzwa, nitamwambia nini baba pale Binza, aliyeuza ng'ombe nisome? Je, nimekosea hesabu ya mlango? Je, kama kesho Minza naye akigongwa? Kila wazo lilizaa wenzake, na ndani kengele ya kurudi kazini ikalia, presi ikaanza tena kunguruma. Nikawaona kupitia mlango wa banda: kijana wa Maswa anakwenda kusimama juu ya chaki, mkono wa kulia unaelekea kwenye mpini.

Miguu yangu iliondoka kabla sijamaliza kufikiri.

Swichi kubwa ya presi iko ukutani, ina mkono mwekundu na tundu la kufuli. Niliuvuta chini, presi ikashuka sauti ikafa. Nilikuwa na kufuli la kabati la dawa mfukoni, nikalipachika kwenye tundu, nikalifunga, nikautia ufunguo kwenye soksi. Sijui kwa nini kwenye soksi. Kisha nikamwambia kijana atoke pale, akatoka.

Meneja alikuja akikimbia, bila tabasamu, na nje malori yalikuwa yameanza kupiga honi.

"Nani kazima?"

"Mimi, bosi."

"Kwani kiwanda ni cha kwako?"

"Hapana. Changu ni ufunguo tu."

"Utoe."

"Mnyororo ukirudi."

"Unajua ninaweza kukuachisha kazi sasa hivi?"

"Najua. Niachishe. Lakini presi itabaki imefungwa mpaka mkate kufuli, na mkilikata mbele ya hawa wote, watajua mlango unaowapiga ni wa nani. Na karatasi ya macho siandiki. Minza anaona vizuri."

Akawaangalia watu wa presi. Nao walimwangalia yeye, na hii ndiyo mara ya kwanza katika msimu ule kuona macho yote yakitazama mahali panapostahili. Honi zikaendelea. Meneja akamgeukia fundi na kumwambia kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba maji, aende getini.

Kazi ya kuchomelea ilichukua sehemu kubwa ya mchana. Nilikaa juu ya robota na ufunguo ukinichoma kisigino. Minza alikaa upande wa pili, mikono yote miwili magotini, wazi. Fundi alipomaliza nikafungua kufuli, pamba ikaingizwa, presi ikashindilia.

Masanja akasema ataufungua yeye. Akasimama mahali pake pa siku zote, akavuta komeo. Mlango ukaruka, mnyororo ukaukamata kwa kishindo, mpini ukasimama mbali na uso wake. Pamba ikapumua. Masanja alibaki pale akiutazama mpini, mkono umeshika mshono wake. Kulwa alikuwa bado amesimama mbali na Minza, na sina hakika kama aliwahi kusogea.

"Dada Minza," Masanja akaita, bila kugeuka. "Lete waya. Tumechelewa."